Kabla ya Sim Kadi ya Watalii, Kulikuwa na Malaba

Kama uko TikTok, lazima umekutana na hayo matangazo. Mzungu na begi mgongoni, leo yuko Bali, kesho yuko Paris, anakuambia ununue sim kadi moja ya wasafiri na utakuwa na intaneti kwa nchi zaidi ya mia. Halafu shuka kwa komenti. Wakenya wamejaa wanasema, "Hawa watu wako mbele manze, sisi tutafika lini?"

Wasee, sisi tulishafika. Tulifika mwaka wa 2006, na waliofika kwanza hawakuwa watalii. Walikuwa madereva wa trela pale Malaba, mama wa biashara Busia na makondakta wa mabasi ya Namanga. Wengi wetu wakati huo tulikuwa nasari, au hata hatujazaliwa, ndiyo maana hatuijui hii stori. Na ukiielewa vizuri, hutaangalia bei ya kupiga simu ng'ambo vile ulivyokuwa ukiiangalia.

Nianze na jaribio langu kwanza, ndio tuelewane hii kitu inafanyaje kazi.

Hapa Kiandutu kuna anti mmoja jirani yetu aliyerudi kutoka Ghuba mwaka jana. Alikuwa analea watoto kwa familia fulani, na wakati wa likizo walikuwa wanaenda naye Ulaya. Bosi wake alimnunulia hiyo sim kadi ya wasafiri ili asipotee hewani akiwa na watoto. Aliporudi alikuwa nayo bado, na ilikuwa na data kidogo imebaki. Akaniambia, "We si ndiye mtu wa mambo ya simu, hebu ona kama inafanya." Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini mambo ya mitandao ndiyo nilikuwa nasomea, kwa hivyo hapo sikuambiwa mara mbili.

Nikaitoa laini yangu, nikaweka hiyo, nikaenda kwa mipangilio ya simu nikawasha data ya ugenini. Dakika kama mbili hivi, jina la mtandao wa hapa Kenya likatokea, na kando yake herufi ndogo R. Hiyo R ndiyo romingi: simu inakuambia uko ugenini. Mimi niko Kiandutu, naona Garissa Road kwa macho, lakini kwa simu mimi ni mgeni.

Nikafungua intaneti, ukurasa ukaja kwa Kiholanzi. Matangazo nayo ni ya maduka ya Ulaya. Nikatuma voisi noti kwa beshte yangu yuko Makongeni, mahali naweza kutembea kwa miguu, na ile voisi noti ikazunguka hadi Ulaya kabla ya kurudi Thika. Nikapima kasi: mnara uko karibu, mtandao una nguvu, lakini kila kitu kinachelewa kidogo, kama mtu anayejibu baada ya kufikiria. Na bei iliyoandikwa kwa paketi, nikiibadilisha kuwa shilingi, megabaiti 500 zilikuwa za pesa ambazo hapa zingenipa bando la wiki nzima na chai na mandazi juu.

Sasa hapa ndipo siri iko. Mnara uliobeba hiyo data ni ule ule unaobeba bando langu la shilingi ishirini. Umeme ni ule ule. Kwa nini bei moja iwe ya Kiandutu na nyingine iwe ya Amsterdam?

Ni kwa sababu kila laini ina kwao. Ndani ya sim kadi kuna namba ndefu ambayo huioni, na tarakimu zake tatu za kwanza ni za nchi. Kenya ni 639, Tanzania 640, Uganda 641. Tumepangwa kama nyumba za ploti moja. Simu ikiwaka, mnara unasoma hiyo namba. Ikiona wewe ni wa nchi nyingine, unauliza kwenu: huyu mtu ni wenu, na mtamlipia? Kampuni ya kwenu ikikubali, unaingia. Baadaye kampuni ya kwenu inalipa kampuni ya mnara kwa bei waliyokubaliana, halafu inakugeukia wewe na kuongeza yake. Kwa hivyo pesa ya romingi inatoka kwa karatasi. Watu wawili wamekaa mezani, wameandika bei, na wewe hukuwa kwa hicho chumba.

Hii karatasi ni ya zamani kiasi. Sim kadi za kwanza zilitengenezwa na kampuni ya Giesecke & Devrient ya Munich, Ujerumani, mwaka wa 1991, na zikaenda kwa kampuni ya Radiolinja ya Finland. Mwaka uliofuata, 1992, Telecom Finland na Vodafone ya Uingereza wakatia sahihi mkataba wa kwanza wa romingi. Yaani sim kadi haikuwa imemaliza hata miaka miwili, tayari watu walikuwa wanapanga jinsi itakavyovuka mpaka.

Huku kwetu stori ilianza upande mwingine kabisa: tulikuwa na nyumba moja, tukaibomoa. Kabla ya 1977, Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na shirika moja la posta na simu chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ikavunjika mwaka huo na kila mtu akabeba waya zake. Lakini alama hazikufutika zote. Hadi leo mpangilio wetu wa simu una njia ya mkato ya majirani: 006 ya Uganda, 007 ya Tanzania, na wao wana 005 ya kutufikia. Dunia yote tunaipigia kwa kuanza na 000, lakini majirani wana mlango wao wa nyuma.

Kisha simu za mkono zikaja. Mwaka wa 2000 Safaricom na KenCell wakaanza kuuza laini kwa watu wa kawaida, na mipaka ikarudi kwa nguvu. Ukiwa na laini ya Kenya Kampala, ulikuwa unalipa kupiga na unalipa kupigiwa. Ndiyo, ukipigiwa pia ulikuwa unakatwa, kwa sababu simu ilikuwa inafika kwanza kwenu, halafu inatumwa Kampala kama simu ya kimataifa. Wakenya wawili wamekaa meza moja Kampala, mmoja akimpigia mwenzake, sauti inaenda Nairobi na kurudi. Ndiyo maana dereva wa trela alikuwa na laini ya kila nchi kwa waleti, na akivuka anatoa betri, anabadilisha, anaanza kuflash watu wa nyumbani ajulikane amefika. Hakuna mtu alimwita mbunifu. Alikuwa tu anakataa kukamuliwa.

Septemba 2006, kampuni ya Celtel ikaamua kufuta hiyo mipaka. Celtel ilianzishwa mwaka wa 1998 na Mo Ibrahim, injinia mzaliwa wa Sudan, na ndiyo iliyokuwa imechukua KenCell hapa kwetu mwaka wa 2004. Kufikia 2005 ilikuwa imenunuliwa na kampuni ya MTC ya Kuwait kwa dola bilioni 3.4. Huduma yao mpya waliiita One Network, na ilianza kwa nchi tatu: Kenya, Uganda na Tanzania. Ukivuka Malaba na laini yako ya Celtel Kenya, unapiga kwa bei ya watu wa Uganda. Ukipigiwa, hukatwi kitu. Kredo ikiisha, unanunua kadi ya kukwaruza ya Uganda kwa kiosk ya hapo, unaweka kwa laini yako ya Kenya, inaingia. Wenyewe waliitangaza kuwa mtandao wa kwanza duniani usio na mipaka.

Waliwezaje? Minara ya pande zote tatu ilikuwa yao. Hakukuwa na mtu wa kumlipa isipokuwa wao wenyewe. Ile karatasi waliichana tu.

Na angalia kilichofuata. Safaricom hawakukaa wakitazama. Wakashikana na Vodacom ya Tanzania na MTN ya Uganda wakaleta huduma yao, Kama Kawaida. Hawa hawakuwa na mwenyewe mmoja, lakini ghafla nao waliweza kukubaliana. Bei ambayo jana iliitwa gharama ya kimataifa, leo imekuwa kitu cha kujadiliana. Kumbuka Ulaya, kwa hao wenye mabegi, waliondolewa ada za romingi tarehe 15 Juni 2017, na ilibidi sheria iwalazimishe. Sisi tulikuwa tumewatangulia kwa karibu miaka 11.

Halafu kuna sehemu ambayo watu wengi hawaijui. One Network iliendelea kukua. Mwaka wa 2007 ikaingia Kongo, Gabon, kisha nchi kama Malawi, Chad na Nigeria. Mwaka wa 2008, jina likawa Zain na mtandao ukavuka bahari: Bahrain, Iraq na Jordan zikaunganishwa. Fikiria hiyo. Laini iliyosajiliwa Thika, inatumika Bahrain bila ada ya romingi. Njia ambayo dada na anti zetu wangekuja kuipita kwa maelfu wakienda kutafuta kazi ilikuwa imeshawekwa waya.

Mwaka wa 2010 Zain ikauza biashara yake ya Afrika kwa Bharti Airtel ya India kwa dola bilioni 10.7. Afrika ikaenda kwa mwenyewe mmoja, Ghuba ikabaki kwa mwingine. Minara haikusonga hata futi moja. Ni wenye minara waliobadilika, na umbali kati ya Thika na Bahrain ukabaki mikononi mwa kampuni mbili tofauti.

Mara ya pili mpaka ulipofutwa, safari hii ilikuwa kazi ya serikali. Mwaka wa 2014, chini ya miradi ya Ukanda wa Kaskazini, Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zilikubaliana kuwa eneo moja la mtandao. Baada ya hapo, kupiga simu kati ya nchi hizo kukawekewa kikomo cha senti 10 za dola kwa dakika, na ukipigiwa ukiwa huko hulipi. Simu kati ya Kenya na Rwanda ziliongezeka mara kadhaa. Watu walikuwa na mambo ya kuambiana miaka yote hiyo, ni bei tu ilikuwa imewanyamazisha. Tanzania haikuwa ndani wakati huo, kwa hivyo Namanga ikabaki ghali wakati Malaba ilishuka. Mipaka miwili ya nchi moja, bei mbili, kwa sababu ya nani alitia sahihi na nani hakutia.

Sasa turudi kwa huyo anti, kwa sababu ndiye aliyenifanya niandike haya yote. Ile sim kadi ya wasafiri aliinunuliwa ili bosi ampate yeye. Laini yake ya Kenya, ambayo watoto wake wangempata nayo, aliizima kwa sababu kila dakika ya romingi kutoka Ghuba ilikuwa inamla. Alikuwa anatumia Waifai ya kwa bosi ikiruhusiwa. Miaka ikapita, na laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba ikauzwa upya. Aliporudi, namba yake ilikuwa ya kijana fulani asiyemjua. Mesiji za chama zilikuwa zinaingia kwa huyo kijana. Kodi za benki zilikuwa zinaingia kwa huyo kijana. Hapa Kenya namba ya simu ni pochi yako, ni kitambulisho chako, ni mlango wa nyumba. Anti alilea watoto wa watu, akarudi akakuta mlango wake una kufuli ya mtu mwingine.

Ndiyo maana sioni hii stori kama ya simu tu. Mtalii akifika nchi mpya anapata kadi ya kumwunganisha na kila kitu. Mfanyakazi wetu akienda kule kule anapotea kwa namba yake mwenyewe. Minara inawasoma wote wawili sawasawa. Tofauti iko kwa ile meza, na nani alikaa hapo akiwazungumzia.

Kama unasafiri na unataka hiyo sim kadi ya watalii au eSIM, nunua, inafanya kazi, niliijaribu. Uliza tu data inapitia nchi gani, na megabaiti inakuwa shilingi ngapi. Lakini kabla hujapanda ndege, weka mpango wa laini yako ya Kenya: iache na kredo kidogo, iwashe mara moja moja, au umwachie mtu unayemwamini aitumie isilale.

Na wale wakubwa wetu wanaoenda Ghuba kuzungumzia mikataba ya wafanyakazi, tunawaomba waongeze jambo moja kwa ajenda: bei ya kupiga nyumbani, na namba ya mtu aliye kazini nje isiuzwe kabla hajarudi. Wasituambie ni teknolojia ngumu. Mwaka wa 2006 dereva wa trela alivuka Malaba akapigia bibi yake, na hakubadilisha laini.