Nyota za hoteli: Jinsi ya kuzisoma kabla ya kulipia chumba

MSAFIRI anayetafuta chumba jijini Nairobi, Mombasa au Kisumu hukutana na nyota kila anakogeuka. Zimechorwa langoni, zimechapishwa kwenye kadi za biashara na zimepangwa kando ya bei kwenye mitandao ya kuuza vyumba. Wengi huamini kwamba nyota nyingi ni sawa na usingizi mzuri, na kwamba bei kubwa ni ushahidi wa nyota hizo. Imani hiyo ina ukweli kiasi, lakini imewatia wengi hasara.

Nchini Kenya lipo tatizo jingine la kilugha. Neno hoteli hutumika kwa mkahawa wa chai na maandazi sokoni, na pia kwa jumba la ghorofa kumi lenye kidimbwi cha kuogelea. Mahali pa kulala tu huitwa lojing au gesti. Makala haya yanahusu nyumba za kulaza wageni, ziwe ndogo au kubwa.

Zilikotoka

Desturi ya kupanga hoteli kwa nyota si ya kale. Nchini Uingereza, chama cha wenye magari cha AA kilianza kuzipa hoteli nyota mnamo 1912, ili wanachama waliosafiri mbali wajue pa kulala. Nchini Marekani, kitabu cha wasafiri cha Mobil kilianza kutoa nyota mwaka 1958, na ndicho kilichogeuka baadaye kuwa Forbes Travel Guide. Chama cha AAA cha nchi hiyo hutumia alama ya almasi badala ya nyota.

Hadi leo hakuna sheria moja ya nyota duniani. Nchini Ufaransa, hoteli huainishwa chini ya usimamizi wa shirika la Atout France na cheo hudumu kwa miaka mitano. Nchini Uhispania na Italia, kazi hiyo iko mikononi mwa serikali za majimbo. Mnamo 2009 vyama vya wenye hoteli kutoka nchi kadhaa za Ulaya, zikiwemo Ujerumani, Austria na Uswisi, viliunda Hotelstars Union ili nyota zao zifanane. Kwa hivyo, nyota nne za nchi moja si lazima zilingane na nyota nne za nchi nyingine.

Kuhusu nyota sita au saba, ukweli ni kwamba mifumo mingi rasmi hukomea tano. Sifa ya nyota saba iliyopewa Burj Al Arab ya Dubai, iliyofunguliwa 1999, ilitokana na maneno ya waandishi wa habari wala haikutolewa na mamlaka yoyote.

Anayetoa nyota Kenya

Hapa nchini, kazi hii ni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, maarufu kama TRA, iliyoundwa chini ya Sheria ya Utalii ya 2011. Wakadiriaji wake hutumia vigezo vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nia ya vigezo hivyo ni kuwa hoteli ya nyota tatu mjini Nakuru ifanane kwa kiwango na ya nyota tatu mjini Arusha, Kampala au Kigali. Hoteli za mijini, hoteli za likizo, loji za mbugani na kambi za mahema hukaguliwa kila moja kwa mizani yake, kwani hema la Maasai Mara haliwezi kupimwa kama jumba la katikati ya jiji.

Ukaguzi una sehemu mbili. Kwanza kuna masharti ya lazima, ambayo hoteli ikikosa hata moja haiwezi kupewa cheo hicho hata ikiwa na mapambo ya dhahabu. Pili kuna alama zinazojumlishwa. Wakaguzi huangalia jengo na mazingira yake, vyumba, bafu na vyoo, jikoni, vyakula na vinywaji, usafi, usalama na ujuzi wa wafanyakazi.

Leseni ni jambo tofauti na nyota. Leseni ni lazima kwa anayefanya biashara ya kulaza wageni, ilhali nyota ni cheo juu ya leseni hiyo. Nyumba isiyo na nyota si lazima iwe mbovu. Huenda ni ndogo tu, au haijawahi kuainishwa. Lakini nyumba isiyo na leseni ni ya kuepukwa.

Zinachopima, na zisichopima

Kwa jumla, nyota moja humaanisha mahitaji ya msingi: kitanda safi, maji, mlango unaofungika na usalama wa kawaida. Nyota mbili huongeza huduma chache. Nyota tatu ndipo mgeni anapoanza kutarajia mkahawa kamili, mapokezi yenye wahudumu waliofunzwa na vyumba vyenye nafasi ya kutosha. Nyota nne na tano huleta wingi wa huduma: chakula kuletwa chumbani, mapokezi yasiyofungwa usiku wala mchana, kumbi za mikutano, mahali pa mazoezi na wafanyakazi wengi kwa kila mgeni.

Tazama kwamba karibu yote hayo ni vitu vinavyoweza kuhesabika. Nyota hueleza kilichopo. Haziwezi kueleza kama mhudumu wa zamu ya usiku ana tabasamu, kama muziki wa baa jirani hunyamaza saa sita usiku, au kama godoro lililokuwa jipya siku ya ukaguzi limeshazama katikati.

Mji wa kale wa Lamu ni mfano mzuri. Humo mna nyumba za mawe ya matumbawe zenye kuta nene, ua wa ndani na baraza ya juu inayopokea upepo wa bahari. Nyumba hizo haziwezi kuwa na lifti, uwanja wa magari wala ukumbi wa watu mia tano, na katika mizani ya nyota zinaweza kuonekana duni. Hata hivyo, mgeni anayetafuta utulivu huenda akastarehe humo kuliko katika jumba lenye nyota nne kando ya barabara kuu.

Nyota na bei

Kila huduma inayoongezwa ina gharama, na gharama hiyo hulipwa na mgeni, hata asipoitumia. Anayefika usiku na kuondoka alfajiri hana haja ya kulipia kidimbwi asichokiona. Lakini nyota si kitu pekee kinachoamua bei. Mahali na msimu vina nguvu zaidi. Chumba kile kile cha pwani hupanda bei Desemba na kushuka wakati wa masika, kati ya Aprili na Juni. Hoteli za Mara hupandisha bei kuanzia Julai nyumbu wanapovuka mto. Aidha, hoteli nyingi huwa na bei mbili: ya wakazi wa Afrika Mashariki na ya wageni wa nje. Mkazi asiyebeba kitambulisho huenda akatozwa ile ya juu.

Mtego mkubwa zaidi ni namna bei inavyotajwa. Tuchukue mfano wa mume na mke. Hoteli ya nyota tatu inadai Sh9,000 kwa kila mtu, pamoja na milo yote mitatu. Hoteli ya nyota nne inadai Sh12,000 kwa chumba, pamoja na kiamshakinywa pekee. Kwa haraka, ya kwanza inaonekana rahisi. Lakini kwa wawili ni Sh18,000 kwa siku. Katika ya pili, wakilipa Sh1,800 kwa kila sahani ya mchana na jioni, wataongeza Sh7,200 na kufikisha Sh19,200. Tofauti ni Sh1,200 tu. Wakila nje kwa bei nafuu, hoteli ya nyota nne itakuwa rahisi kuliko ya nyota tatu.

Kisha kuna ushuru. VAT ya asilimia 16 na ada ya utalii ya asilimia mbili zikiwa hazijajumlishwa, chumba cha Sh8,000 kitakuwa Sh9,440 wakati wa kulipa. Baadhi ya hoteli huongeza pia ada ya huduma. Bei isiyotaja mambo haya haijakamilika.

Alama za wageni mtandaoni

Mitandao ya kuuza vyumba huonyesha pia alama za wageni, mara nyingi kati ya kumi. Hizi si nyota. Mgeni wa lojing ya Sh1,500 anaweza kutoa tisa kwa sababu alipata zaidi ya alichotarajia, naye mgeni wa nyota tano akatoa sita kwa sababu kahawa ilichelewa. Alama hupima matarajio dhidi ya yaliyotendeka. Tena, nyota zinazoonyeshwa huko wakati mwingine hutajwa na mwenye hoteli mwenyewe. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Haki ya mteja

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 humpa mteja haki ya kupata huduma za kiwango kinachofaa, na habari za kumwezesha kufaidika nazo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 nayo inakataza kudai kwamba huduma ni ya daraja fulani ilhali sivyo. Anayejipachika nyota, kwa hivyo, hajivuni tu. Anamdanganya mteja kuhusu anachonunua.

Kabla ya kutuma pesa, hasa malipo ya awali ya harusi, mkutano au likizo ya familia, msafiri aulize: Nyota hizi zilitolewa na nani, na mwaka gani? Bei ni ya mtu au ya chumba? Ina milo mingapi? Ushuru umejumlishwa? Nikiahirisha safari, nitarejeshewa kiasi gani? Majibu yawe kwa maandishi. Mwenye hoteli aliyezipata nyota zake kwa haki hataona taabu kuonyesha cheti.