PAKA MWENYE MIMBA NDANI YA NYUMBA: MAPATANO YA ZAMANI SANA

Tukizungumza juu ya wanyama wa kufugwa, sisi huanza na ngombe, mbuzi na kuku, kwa sababu hao ndio mali. Paka haingii katika hesabu hiyo. Hakuna mwenye kutoa mahari kwa paka. Hata hivyo, mtu akiisha kuweka mahindi yake ndani ya depo, ni paka anayekwenda kuomba kwa jirani. Akipata jike anafurahi. Lakini siku jike huyo anapoonekana na tumbo kubwa, anafukuzwa, ao watoto wake wanatupwa kwenye takataka. Juu ya nini? Hapa tunataka kuonyesha, kwa njia ya historia, kwamba mwenye kufanya hivyo anavunja mapatano ya zamani sana.

Mapatano hayo yalianza katika nchi za Mashariki ya Karibu, yapata miaka 10.000 iliyopita, watu walipoanza kulima na kuweka nafaka ghalani. Nafaka ilileta panya, na panya wakaleta paka. Hakuna aliyemfunga kamba, alikuja mwenyewe. Katika mwaka wa 2004, wachimbaji wa mambo ya kale walitangaza kwamba katika kisiwa cha Kupro wamekuta mtu amezikwa na paka kando yake, tangu miaka 9.500 hivi. Kisiwa kile hakikuwa na paka wa asili. Basi watu walimpeleka kwa mashua. Na katika mwaka wa 2007, uchunguzi wa damu na nasaba ulionyesha kwamba paka wa nyumba wote wa dunia wametoka kwa paka wa pori wa nchi zile. Ndugu zake wa pori wangali wanaishi katika savana za Afrika, hata zile za Katanga.

Lakini kuja ni kitu kimoja, na kubaki ni kingine. Paka jike hazai mahali anapoogopa. Kwa hiyo mji uliotaka paka wa kudumu ulipashwa kumpa usalama wakati wa kuzaa. Misri inatupa ushuhuda wake. Huko Hierakonpolis, katika makaburi ya wakubwa yenye karibu miaka 5.700, walikuta paka 6 katika shimo moja: dume, jike, na watoto 4 ambao hawakuwa wa uzazi mmoja. Wataalamu waliona hapo alama ya kwamba watu walikuwa wakiwatunza. Katika makaburi yale yale, paka mwingine wa pori alikuwa na mifupa iliyovunjika kisha ikapona. Maana yake alilindwa kwa majuma kadhaa.

Baadaye Wamisri walimheshimu Bastet, mungu wao wa kike mwenye kichwa cha paka, ambaye mji wake ulikuwa Bubastis. Sanamu nyingi za shaba zinaonyesha paka akinyonyesha watoto wake. Kwao paka mzazi alikuwa picha ya mama. Tusifiche upande mwingine: watu wale wale waliwafuga paka wengi, wakawaua wakiwa wadogo ili wawe sadaka. Heshima ya mdomo bila huruma, hata zamani ilikuwako.

Kwetu, majina yanatufundisha kitu. Wasemao Lingala wanamwita niau, sawa na sauti yake. Wabemba wanasema pushi, neno lililotoka kwa Waingereza. Sisi tunasema paka, pamoja na watu wa pwani. Njia ya pwani ndiyo iliyoleta pia Uislamu mpaka Kasongo katika karne ya 19, na mafundisho yake yanamhesabu paka kuwa si najisi, tena yanamlaumu vikali mwenye kumfunga paka bila kumpa chakula.

Sasa, kumlinda ni namna gani? Mimba yake inachukua majuma 9 hivi. Katika juma la mwisho anazunguka kila kona akitafuta mahali. Tumwekee kartoni yenye vitambaa vikavu, mahali penye giza kidogo, mbali na mbwa na kelele za watoto. Akichagua kwingine, tumwache: sheria hiyo ni yake. Tumpe chakula kingi kuliko desturi, kwa mfano sambaza ao ndagala wasio na chumvi, na maji safi. Tusisafishe mahali pake kwa kreolini, kwani ni sumu kwake. Vilevile parasetamoli yetu inamuua.

Siku ikifika, anaacha kula na kulamba tumbo kila mara. Mara nyingi anazaa watoto 3 mpaka 5. Atakata kitovu kwa meno na kula kondo. Tusiogope, tena tusivute mtoto. Lakini akisukuma kwa nguvu kwa nusu saa bila mtoto kutoka, tumtafute munganga wa wanyama mbio. Watoto wanafungua macho kati ya siku 7 na 14, na tusiwatenge na mama yao mbele ya majuma 8. Asiyetaka uzazi mwingine, afadhali amwombe munganga huyo amfunge kizazi kuliko kutupa watoto.

Wako wanaosema paka, zaidi mweusi, ni mnyama wa wachawi. Tunawauliza: mchawi gani anayelinda mahindi ya mwenye nyumba usiku kucha bila mushahara? Jike tunayemfukuza leo na tumbo lake atakwenda kuzaa porini, na watoto wake watakua wakiogopa mtu. Panya watabaki kwetu. Wazee walioanza kulima waliyaelewa hayo bila masomo. Sisi tuliosoma, tusikubali kuwa nyuma yao.