Programu za bure za kuhariri sauti: Ipi ni salama kwa vijana?

Kijana wa miaka 14 anayetaka kuandaa kipindi chake cha kwanza cha sauti, yawe ni mahojiano na bibi yake, mchezo wa kuigiza au wimbo, hahitaji tena kukodi studio. Kompyuta ya shule iliyozeeka na sauti iliyorekodiwa kwa simu vinamtosha kuanza. Kinachobaki ni programu ya kukata, kuunganisha na kusafisha sauti hiyo, na hapo ndipo mzazi au mwalimu anapokabiliwa na swali gumu: kati ya programu nyingi zinazotangazwa kuwa za bure, ni ipi inayomfaa mtoto bila kumweka hatarini?

Neno "bure" lina maana zaidi ya moja. Zipo programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi na mtaalamu yeyote anaweza kuukagua, kuubadilisha na kuusambaza upya. Zipo zinazotolewa bila malipo lakini msimbo wake umefungwa, hivyo mtumiaji hana budi kumwamini mtengenezaji. Zipo pia huduma za mtandaoni zisizodai fedha ila hudai akaunti: kijana hutoa anwani ya barua pepe na tarehe ya kuzaliwa, na sauti yake huhifadhiwa kwenye kompyuta za kampuni iliyo mbali. Aina ya nne ni programu za kulipia zilizovunjwa kinga na kusambazwa kwa siri kwenye flashi. Hizo ni wizi, na mara nyingi hubeba virusi. Hazipaswi hata kufikiriwa.

Mfano wa Audacity

Programu huria inayojulikana zaidi katika fani hii ni Audacity. Ilianzishwa mwaka 1999 na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, na toleo la kwanza likatolewa kwa umma mwaka 2000. Inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, haidai akaunti, na ikishasakinishwa inaweza kutumika bila intaneti kabisa. Kwa shule ambayo bando lake huisha kabla ya mwezi kwisha, sifa hiyo ya mwisho si jambo dogo.

Hata hivyo, programu hiyo nayo iliwahi kuzua mzozo. Mwaka 2021 ilinunuliwa na kampuni ya Muse Group, na muda mfupi baadaye likatolewa pendekezo la kuweka ndani yake vyombo vya Google na Yandex vya kukusanya takwimu za matumizi. Watumiaji walipinga, na pendekezo likaondolewa. Mwezi Julai mwaka huo ikachapishwa sera mpya ya faragha iliyowataka walio chini ya umri wa miaka 13 wasiitumie kabisa programu hiyo, sharti ambalo wakosoaji walisema linapingana na leseni yake inayomruhusu kila mtu kuitumia. Baadhi ya wataalamu walichukua msimbo huo na kuanzisha tawi lao, Tenacity. Kampuni iliomba radhi kwa maneno yaliyozua utata, kisha ikairekebisha sera na kuliondoa sharti hilo la umri.

Kisa hicho hakimaanishi kwamba Audacity haifai. Kinyume chake, mabadiliko yaligunduliwa mapema kwa sababu msimbo ulikuwa wazi, na watu waliokuwa na uwezo wa kuusoma waliusoma. Katika programu iliyofungwa, pendekezo kama hilo lingeweza kupita kimyakimya. Lakini ni vyema mkubwa mmoja afungue sehemu ya mipangilio kabla ya mtoto kuanza, azime ukaguzi wa matoleo mapya ikiwa hauhitajiki, na ahakikishe kazi zinahifadhiwa kwenye kompyuta yenyewe, kwani matoleo ya karibuni hutoa pia nafasi ya kuzihifadhi mtandaoni, na huko akaunti inahitajika.

Hatari kubwa zaidi, kusema kweli, haimo ndani ya programu bali njiani kuifikia. Anayetafuta Audacity mtandaoni anaweza kukutana na tovuti za kuiga zenye vitufe vikubwa vya kupakua, ambazo hufungasha programu pamoja na matangazo au mambo mabaya zaidi. Tovuti ya watengenezaji ni audacityteam.org. Watumiaji wa Linux wafuate hazina rasmi ya mfumo wao. Aidha, Audacity haina toleo rasmi la simu za mkononi; programu ya simu inayojitambulisha kwa jina hilo si ya watengenezaji hao.

Kwa kompyuta za Windows zinazotumiwa na wengi, lipo faili la zip lisilohitaji kusakinishwa, ambalo mwanafunzi anaweza kulibeba kwenye flashi.

Njia nyingine

Mwenye kompyuta au simu ya Apple anayo GarageBand bila kulipa zaidi, nayo ni nzuri hasa kwa muziki. LMMS ni programu huria ya kutunga midundo, ingawa haikukusudiwa kurekodi sauti ya mtu. Ocenaudio, iliyotengenezwa Brazil, ni nyepesi na rahisi kuliko Audacity kwa anayekata faili moja tu, lakini msimbo wake haujawekwa wazi.

BandLab yahitaji uangalifu zaidi. Inafanya kazi kwenye simu na kwenye kivinjari, jambo linalowavutia vijana wasio na kompyuta, lakini ni mtandao wa kijamii pia: kuna wasifu, wafuasi na ujumbe kutoka kwa watu wasiofahamika. Mzazi aitazame kama anavyoutazama mtandao wowote wa kijamii. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa binafsi za mtoto kuchakatwa, na nchini humo mtoto ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Sheria ya Uganda, ya mwaka huohuo, ina sharti linalofanana na hilo. Akaunti iliyofunguliwa kwa tarehe ya kuzaliwa ya uongo humnyima mtoto kinga hiyo.

Jambo moja husahaulika hata pale ambapo programu imechaguliwa vyema. Wakati wa kutoa faili la mwisho, Audacity huweka nafasi za kujaza jina la msanii, jina la kazi, mwaka na maelezo mengine. Yanayoandikwa hapo hubaki ndani ya faili na husafiri nalo kila linakotumwa, iwe ni kundi la WhatsApp la darasa au kituo cha redio cha mtaa. Kijana aziache wazi, au aandike jina la kipindi tu. Jina lake kamili na la shule yake havina sababu ya kuwemo.