Fugwe ya miwa: vielelezo vya hebaria kutoka kusini mwa Afrika

Vielelezo vya fugwe ya miwa, ugonjwa unaoletwa na kuvu *Sporisorium scitamineum*, ni vipande vilivyokaushwa vya miwa iliyoshambuliwa na kuvu hiyo. Hutunzwa katika hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, viwe ushahidi wa mahali ugonjwa ulipoonekana, tarehe yake na mmea ulioathirika. Ugonjwa huu uliripotiwa kwa mara ya kwanza Natal, Afrika Kusini, mwaka 1877.

Dalili na uenezi

Muwa ulioambukizwa huchomoza kwenye ncha yake kitu kirefu chembamba mfano wa mjeledi, ambacho mwanzoni hufunikwa na utando wa rangi ya fedha. Utando ukipasuka, hutoka vumbi jeusi la spora, kila moja ikiwa na upana wa mikromita 5 hadi 10. Upepo huzipeperusha hadi kwenye macho ya miwa mingine. Pingili zenye maambukizi zikipandwa, ugonjwa huhamia shamba jipya. Wakulima hujikinga kwa kupanda aina sugu, kutumbukiza pingili za mbegu katika maji ya moto ya nyuzi 50 hivi za Selsiasi, na kung'oa mashina yanayougua. Aina ya NCo310, iliyochaguliwa Natal na kupandwa katika nchi nyingi, ilishindwa kuhimili fugwe.

Kielelezo

Kielelezo kizuri huwa na kipande cha mjeledi pamoja na majani, kwa kuwa kuvu nyingi za fugwe hutambuliwa kwanza kwa mmea zinaoishi juu yake. Hukaushwa kwa kubanwa kati ya karatasi, kisha hutiwa katika bahasha ya karatasi iliyokunjwa vizuri, maana vumbi likivuja huchafua vielelezo vya jirani. Lebo hutaja mmea, mahali, tarehe, mkusanyaji na namba. Wadudu waharibifu huuawa kwa kugandisha bahasha kwenye friza.

Mkusanyo wa Taifa wa Kuvu wa Afrika Kusini uliopo Pretoria ulianzishwa mwaka 1905, na hujulikana kimataifa kwa herufi PREM. Mtaalamu Ethel Doidge aliorodhesha kuvu na kuvumwani za nchi hiyo hadi mwisho wa 1945 katika kazi iliyochapishwa mwaka 1950.

Mabadiliko ya jina

Kuvu hii iliwahi kuitwa *Ustilago sacchari*. Mwaka 1924 Hans Sydow aliipa jina *Ustilago scitaminea*, na mwaka 2002 ikahamishiwa jenasi *Sporisorium*. Kwa hiyo bahasha moja yaweza kubeba majina matatu. Mtaalamu anayehakiki kielelezo hafuti jina la awali, bali huongeza karatasi yenye jina jipya la kuvu, jina lake mwenyewe na tarehe, ili anayefuata aweze kulinganisha uamuzi huo na spora zenyewe chini ya hadubini.

Umuhimu

Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa kuvu hii haitofautiani sana barani Afrika na Amerika, ilhali Asia ina nasaba nyingi zaidi. Natal, basi, ndiko ilikoripotiwa kwanza, lakini chimbuko lake yaelekea ni Asia. Ilifika Hawaii mwaka 1971 na Australia mwaka 1998. Vielelezo vya zamani vyenye tarehe na mahali huwezesha kuifuatilia safari hiyo. Kielelezo kisicho na lebo huonyesha sura ya ugonjwa tu.