TERMINATOR 2: JUDGMENT DAY (taathira yake katika vibanda umiza)

Filamu ya Marekani ya mwaka 1991, iliyoongozwa na James Cameron na kutunukiwa tuzo 4 za Oscar, ambayo umbo lake la adui wa metali ya kimiminika, lililosanifiwa kwa kompyuta, lilibadili sanaa ya sinema ulimwenguni.

Kwa kuwa Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, wakazi wa Manzese na Tandale, na wenzao wa Tandika na Mbagala, jijini Dar es Salaam, aghalabu walizijua filamu za namna hii kwa kanda za VHS katika vibanda umiza, yaani mabanda ya video yenye mabenchi na kiingilio haba, ambamo wafasiri, mashuhuri miongoni mwao Derek Mukandala aliyelakabiwa Lufufu, walisimulia visa kwa Kiswahili.

Hadhira hiyo humwita shujaa steringi, naye, kwa kanuni yao, hafi; basi Arnold Schwarzenegger, aliyekuwa adui katika filamu ya kwanza ya mwaka 1984, hapa amekuwa steringi wa chuma, ambaye, ili wanadamu wasalimike, anaivunja kanuni hiyo kwa hiari yake.