Uwanja wa Vittorio Veneto, Torino

Mji wa Torino, kaskazini-magharibi mwa Italia, uliupa mto Po kisogo kwa karne nyingi. Ulikuwa mji wa ngome, makao ya ukoo wa Savoia, na mto ulibaki nje ya kuta zake. Hata Via Po, barabara pana yenye baraza za matao iliyobuniwa na msanifu Amedeo di Castellamonte katika miaka ya 1670, iliteremka kutoka upande wa ikulu na kuishia langoni. Nje ya lango ndipo ulipo leo uwanja wa Vittorio Veneto.

Walioufungua mji ni Wafaransa. Baada ya Napoleon kushinda vita vya Marengo mwaka 1800, Torino ikawa chini ya Ufaransa. Kuta zikabomolewa, na lango la mtoni likaenda nazo. Mwaka 1810 ukaanza ujenzi wa daraja lenye matao matano, daraja la kwanza la mawe kuvuka Po mjini hapo.

Baada ya Napoleon kuanguka, tarehe 20 Mei 1814 mfalme Vittorio Emanuele wa Kwanza wa ukoo wa Savoia alirejea Torino kutoka kisiwa cha Sardinia, alikokuwa amekimbilia. Inasimuliwa kwamba baadhi ya watu wake walitaka daraja la adui livunjwe, naye akakataa. Kama alikataa kwa busara au kwa kubana matumizi, masimulizi hayasemi. Daraja lilibaki, na sasa lina jina lake. Ng'ambo ya mto, likitazamana na daraja hilo, baraza la mji lilijenga kanisa la Gran Madre di Dio kuadhimisha kurudi kwake. Msanifu Ferdinando Bonsignore aliiga Pantheon ya Roma: kuba la mviringo, na mbele yake nguzo na ngazi ndefu. Kazi ilianza mwaka 1818 na kumalizika mwaka 1831, mfalme mwenyewe akiwa ameshafariki.

Kati ya Via Po na daraja palibaki ardhi tupu. Mwaka 1825 msanifu Giuseppe Frizzi alikabidhiwa kuipanga, na tatizo lake kubwa lilikuwa mteremko: kutoka mwisho wa Via Po hadi mtoni ardhi inashuka takriban mita 7. Kama majengo yangefuata mteremko bila mpango, uwanja mzima ungeonekana umeinama. Frizzi aliyapanga kwa namna ambayo jicho linaona mfululizo mmoja uliotulia, na mgeni hugundua kwamba ameteremka pale tu anapoanza kurudi. Uwanja una urefu wa takriban mita 360, na pande zake mbili zina baraza zinazoendeleza zile za Via Po. Upande wa kaskazini baraza hizo hazikatizwi hata kwenye njia za pembeni. Wenyeji husema zilijengwa hivyo ili mfalme afike mtoni bila kulowa mvua.

Kuta za mawe za ukingoni mwa mto, ziitwazo Murazzi, zilikuja baadaye katika karne ya 19. Vyumba vilivyo chini yake vilitumiwa na wavuvi na wenye mashua, na karne moja baadaye vikageuka kumbi za muziki. Uwanjani juu, kwa miaka mingi, zilifanyika sherehe za kanivali kabla ya Kwaresima.

Jina la awali la uwanja lilikuwa la mfalme yule yule. La sasa lilikuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kutokana na mji wa Vittorio Veneto, mahali jeshi la Italia lilipowashinda Waaustria mwaka 1918. Mabaki ya askari wa Torino waliokufa katika vita hivyo yamehifadhiwa chini ya Gran Madre. Kuelekea Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 2006, maegesho ya magari yalichimbwa chini ya uwanja. Tramu bado zinapita juu yake.