Reli ya Meno kwenye Njia ya Shaba ya Kolwezi

Wakazi wa Kolwezi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, wakizungumzia reli ya kwenda bandari ya Lobito, Angola, hutaja shaba na kampuni za madini za Union Minière na Gécamines. Wajuao zaidi humtaja Robert Williams, Mskoti aliyepewa na Ureno mwaka 1902 kibali cha kuijenga. Kuna fundi mmoja ambaye sijasikia akitajwa, ingawa bila kazi yake treni za reli hiyo zingepata taabu kubwa kupanda kutoka pwani: Niklaus Riggenbach.

Alizaliwa Alsace mwaka 1817, akawa mkuu wa karakana ya reli huko Olten, Uswisi. Kwenye mwinuko wa Hauenstein aliona magurudumu ya vichwa vya treni yakiteleza, yakizunguka bila kusonga. Chuma laini juu ya chuma laini hakina cha kushika. Akabuni reli ya tatu, iliyolazwa katikati ya njia kama ngazi: mihimili miwili ya chuma iliyounganishwa kwa vipago. Gurudumu la meno chini ya injini hushika kipago kimoja baada ya kingine, hivyo treni hupanda bila kurudi nyuma. Ufaransa ilimpa hataza mwaka 1863. Mmarekani Sylvester Marsh alimtangulia kwa vitendo, kwani reli yake ya Mlima Washington ilifika kileleni mwaka 1869. Ya Riggenbach, ya kupanda mlima Rigi, ilifunguliwa Mei 1871.

Alifariki mwaka 1899, mwaka uleule Williams alipoanzisha kampuni ya Tanganyika Concessions kutafuta madini ya Katanga, eneo iliko Kolwezi. Ujenzi wa reli ulianza Lobito mwaka 1903, na haukwenda mbali kabla ya kugota kwenye korongo la Lengue, ambako ardhi hupanda ghafla kuelekea nyanda za juu. Wahandisi wakatandika pale kilomita zipatazo mbili za reli ya meno ya Riggenbach. Ni kipande kidogo sana kwenye njia inayozidi kilomita 1,300 ndani ya Angola pekee, lakini kila behewa lilipaswa kukipita.

Shaba haikusubiri. Reli iliyotoka kusini mwa Afrika ilifika Elisabethville (Lubumbashi ya leo) mwaka 1910, na Wabelgiji, watawala wa Kongo wakati huo, waliipendelea njia yao wenyewe ya Bukama hadi Ilebo, iliyokamilika 1928, ingawa huko mizigo ilipakuliwa na kupakiwa upya kwenye meli za mtoni. Kwa Lobito haikuwa hivyo. Kipande cha upande wa Kongo, Tenke hadi Dilolo, kilipokamilika mwaka 1931, kwa upana uleule wa njia, milimita 1,067, behewa lililopakiwa Katanga liliweza kuteremka hadi Atlantiki bila kufunguliwa. Kolwezi yenyewe ilianzishwa mwaka 1937, juu ya ukingo wa uwanda wa Manika, ikiikuta njia hiyo tayari.

Meno ya Lengue yaliondolewa miaka ya 1940. Vita vya Angola viliifunga njia nzima kwa Katanga mwaka 1975, na madini ya Kongo hayakuonekana tena bandarini Lobito kwa treni hadi Machi 2018.